Nakuru hadi Kisumu kwa siku tatu: vitambaa, bustani na mawe ya kale

Anzeni Ijumaa. Siku ndiyo inayoamua safari hii, si kilomita. Soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika Jumapili, ilhali maduka mengi ya vitambaa vipya hufungwa siku hiyohiyo. Anayeanza Jumamosi hukuta Nakuru wanafunga mapema, na Jumapili hana kingine cha kununua ila mitumba. Mkianza Ijumaa, kitambaa kipya mnakinunua Nakuru bila haraka, Jumamosi ni ya chai na miti Kericho, na Jumapili mko Kisumu.

Kabla ya kutoka nyumbani pimeni kitanda na mpige hesabu ya mfarishi mtakaoushona, yaani tandiko la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kwa sababu dukani hesabu huvurugwa na rangi. Tuchukue kitanda cha tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Mfarishi wa inchi 78 kwa 84 unakifunika na kuning'inia inchi 9 kila ubavu na inchi 12 miguuni. Kwa miraba inayobaki inchi 6 baada ya kushonwa, mnahitaji 13 kwa 14, jumla 182. Kila mraba ukatwe inchi 6 na nusu, maana mshono unakula robo inchi kila upande. Kitenge cha upana wa inchi 45, ukitoa kingo ngumu za pembeni, kinatoa miraba 6 kwa upana na mistari 5 kwa yadi moja. Hiyo ni miraba 30, kwa hiyo yadi 6 zilizokatwa moja moja zinawaacha na upungufu wa miraba miwili. Nunueni 7. Upande wa chini ni yadi 5 na nusu, vipande viwili vya urefu vikiunganishwa katikati, na utepe wa kuzungushia ukingoni ni yadi moja, ziada ikiwemo. Katikati wekeni blanketi jepesi lililokwisha kufuliwa mara kadhaa. Blanketi jipya litarudi, yaani litapungua likifuliwa, na kuukunja mfarishi wote.

Ijumaa asubuhi, kabla ya jua kali, pandeni Hyrax Hill, kilima cha pimbi chenye mabaki ya watu wa kale, kilomita chache kabla ya kuingia Nakuru mkitoka Nairobi. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipatambua mwaka 1926 na Mary Leakey akaanza kuchimba mwaka 1937. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe bao lililochongwa kwenye mwamba, safu za vishimo ambavyo kete zake zilikuwa kokoto. Kutoka juu mnaliona Ziwa Nakuru vizuri. Saa moja na nusu inatosha.

Halafu mjini. Maduka ya vitenge mengi huuza kwa kipande cha yadi 6, mengine hukata hata yadi moja. Ulizeni hilo kabla ya kuanza kufunuafunua mali ya watu. Mkitaka rangi nyingi, ombeni yadi moja moja za nakshi saba. Kisha pimeni ubora papo hapo:

Geuzeni kitambaa. Waksi nzuri, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, ina rangi karibu sawa pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka, nacho hupauka zaidi kwa kufuliwa.

Sugueni kona kati ya vidole viwili. Kikitoa unga mweupe na kulegea, mnauziwa wanga. Kikishafuliwa kitabaki kama chandarua.

Ombeni uzi mmoja wa pembeni, muuchome nje ya duka. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Msichanganye hizo mbili kwenye mfarishi mmoja: pamba itarudi, poliesta itakataa, na mishono itajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Leso ni habari nyingine. Huuzwa jozi, na ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Ukiikata miraba jina linakatika katikati ya neno, na hilo ni kosa la wengi. Afadhali leso moja ikae nzima katikati ya mfarishi na miraba iizunguke. Kwa njia hiyo mnaokoa pia kama theluthi ya vitenge. Kwenye bei, mmoja aongee na mwingine anyamaze na karatasi ya hesabu mkononi. Wawili wakisifu kitambaa kwa pamoja, bei haishuki tena.

Alasiri nendeni Njoro mkaone kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton, mlowezi wa Kiingereza, alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikaukatiza ujenzi, likaisha mwaka 1954 likiwa na vyumba 52. Wanawake hakuwataka kwake kabisa. Leo maharusi hupigia picha bustanini mwake, na hapo ni juu yenu kucheka au kusikitika.

Jumamosi tokeni saa moja asubuhi. Mlima wa Salgaa na Sachangwan una malori yanayopanda polepole na mengine yanayoteremka kasi. Msipite kwenye kona hata mkipigiwa honi. Mau Summit mwende kushoto, la sivyo mtajikuta Eldoret. Ukungu huko ni wa kawaida asubuhi. Washeni taa za chini, kwa kuwa taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwenu.

Kilomita kama 8 kabla ya mji wa Kericho kuna msitu wa miti ya kupandwa wa Chagaik, ulioanzishwa na mkulima wa chai, Tom Grumbley. Uko katikati ya mashamba ya chai, kwa hiyo simameni getini muombe ruhusa. Fikeni kabla ya saa sita, maana Kericho mvua hupenda alasiri. Mkinunua miche njiani, fungeni mizizi kwa gazeti lililoloweshwa na muiweke sakafuni mwa gari, mbali na vitambaa. Udongo mwekundu ukilowa kwenye pamba nyeupe hautoki.

Kutoka Kericho ni mteremko hadi Ahero. Tumieni gia ndogo. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Joto litawapokea ghafla, kwa hiyo sweta ziwe juu ya begi.

Jumapili saa moja muwe Kibuye. Robota za mitumba zikifunguliwa, kamera, yaani zile nguo bora za mwanzo, huchukuliwa na walioamka mapema. Tafuteni shuka za pamba tupu kwa upande wa chini wa mfarishi, maana shuka moja pana inawaepusha na mshono wa katikati. Itazameni kwenye mwanga wa jua: katikati ndiko huchakaa kwanza.

Kisha nendeni Kit Mikayi, kama kilomita 30 kwa barabara ya Bondo, mkikata kushoto Kisian. Jina lake la Kiluo maana yake ni jiwe la mikayi, yaani mke wa kwanza, nayo ni mawe makubwa yaliyopandana kwenda juu mita 40 hivi. Vaeni viatu vyenye meno. Mvua ikinyesha, mwamba huteleza. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yawe ya alasiri kwa sababu yana vivuli. Humo kuna boma zima la Kiluo, Ber-gi-dala. Itafuteni nyumba ya mikayi, mkumbuke jiwe la asubuhi. Thimlich Ohinga, boma la kale la kuta za mawe, msiibane humu. Iko upande wa Migori, nayo inadai siku yake.

Mkifika nyumbani fueni kila kitambaa peke yake kwa maji baridi kabla ya mkasi kugusa chochote. Kinachoendelea kutoa rangi kwenye maji ya tatu kishonwe mfuko wa sokoni, kisikae karibu na mraba mweupe.