SOMO: Mikrismasi ya konfleksi na mashimelo, kazi ya kufanya na watoto likizo hii

Wapendwa habari za jioni. Niliahidi kuleta somo la vile vimti vya kijani vya konfleksi, maswali yamekuwa mengi nikaona bora nikae niandike yote mara moja. Shule zimefungwa, watoto wapo ndani toka asubuhi, katuni wameshazikariri mpaka wanaongea kabla ya wenyewe kuongea, na ukitaka kuwatoa nje aidha jua kali aidha mvua. Hii kazi inawakalisha chini kama saa nzima na haihitaji oveni.

Nianze na ukweli, mwaka wa kwanza niliharibu vibaya mno. Nilinunua mashimelo (zile pipi laini kama pamba, marshmallow) mjini nikapanda nayo daladala saa nane ya mchana hadi Tabata, pakiti ipo mapajani, nafika nyumbani yameshikana yamekuwa donge moja kama mto wa mtoto mchanga. Sikujali. Nikabandika sufuria moto mkubwa kama nasonga ugali, nikatumbukiza donge langu, likaanza kutokota na mimi nafurahi najua ndo linaiva, nikamwaga konfleksi, nikashindilia kwenye trei kwa kiganja na nguvu zangu zote. Kesho yake kaka yangu kaja kutusalimia, kauma kimoja, kakitoa mdomoni akakiangalia, akasema hiki wekeni chini ya ule mguu wa kabati unaoyumba. Na kweli tukakiweka, kikakaa vizuri tu.

Kosa lilikuwa moto. Mashimelo ni sukari, sirapu ya glukosi na jelatini, vimepigwa mpaka vikajaa hewa. Ukiyachemsha, maji yaliyomo ndani yanakauka na sukari inaanza safari ya kuwa pipi, ikipoa ni jiwe. Yanatakiwa yayeyuke tu, yasichemke. Mkishika hilo mengine yote ni mapambo.

VITU VYENYEWE

Mashimelo gramu 300 (pakiti nyingi ni gramu 150 kwaiyo chukua mbili), siagi vijiko 3 vya chakula, na vikombe 6 vya zile punje za mchele zinazolia ukimwagia maziwa (Rice Krispies). Konfleksi za mahindi nazo zinafaa, mi mwenyewe ndo nazipenda zaidi kwenye vimti maana zinakaa kama majani. Rangi ya chakula ya kijani. Kwa kupambia, pipi ndogo nyekundu au cherry nyekundu za keki umezikatakata, na zile punje za rangi wanazonyunyizia keki. Siagi si lazima ile ya bei, Blue Band inafanya kazi vizuri tu, ila kama unatumia mafuta ya mgando yasiyo na chumvi tia chumvi kidogo kwa ncha ya vidole, utamu mtupu bila chumvi unakinaisha haraka.

Kama za mchele supamaketi bei imechangamka, pita maduka ya Wahindi pale Kisutu ulizia mamra, ule mchele uliovimbishwa wanaowekea kwenye chevda. Hauna sukari na mara nyingi umelegea kidogo, kwaiyo uweke kwenye kikaango kikavu moto mdogo dakika 3 au 4 ukigeuza, ukiutafuna ulie, ndo utumie.

TUNAANZA

Kabla hujawasha jiko pima kila kitu kiwe mezani, konfleksi zikiwa kwenye bakuli kubwa, trei ishapakwa siagi au imetandikwa karatasi ya kuokea, watoto wamenawa mikono. Ukishayeyusha hutakuwa na muda wa kutafuta kijiko. Kupima waachie wao, mwanangu mdogo wa miaka 4 anahesabu vikombe kwa sauti na anaruka cha tano kila mara, kwaiyo mi nahesabu kimyakimya pembeni.

Sasa siagi kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, gesi ishushe mpaka inakaribia kuzima. Ikishayeyuka tia mashimelo, koroga kwa mwiko uliopakwa siagi, usiondoke hata simu ikiita. Dakika 5 hivi. Yatavimba kwanza, afu yatalegea, afu yatakuwa kama krimu nzito inayovuta. Yakibaki na vidonge viwili vitatu zima moto, joto la sufuria litavimalizia. Hapo hapo tia rangi, matone machache, koroga. Ikitoka kijani kama ya hospitali ongeza tone moja moja mpaka ufike kwenye jani la mwembe.

Mwaga kwenye bakuli la konfleksi, sio konfleksi kwenye sufuria, maana sufuria bado ina moto na inaendelea kupika. Geuza toka chini kuja juu taratibu usizivunje.

Mpaka hapa kazi ni yako peke yako. Nyumbani kwangu sheria ni moja, sufuria ya mama, mikono ya watoto. Subiri dakika 2 au 3, gusisha kidogo kwenye kifundo cha mkono kwa ndani kama unavyopima maziwa ya mtoto, ikiwa vuguvugu ndo uwaite. Wapake siagi viganjani, siagi ya kutosha, hapa usibane. Mwaka jana mkubwa alikataa kupakwa eti anachafuka, baada ya nusu dakika kila kidole kimeshikana na mwenzake, anainua mkono juu na nyuzi za kijani zinaning'inia kutoka mkononi mpaka kwenye kidevu, mdogo wake kacheka mpaka kakaa chini.

Kutengeneza mti, njia rahisi ni ile ya muuza karanga. Kunja karatasi ya kuokea iwe kama kile kifunge cha karanga, chenye ncha chini na mdomo mpana juu, paka siagi ndani, jaza kwa kijiko, gandamiza kidogo, kidogo tu jamani, geuza kifunge juu chini kwenye trei na uchomoe karatasi. Msitumie gazeti, wino unahamia kwenye chakula. Wadogo ambao hawawezi kifunge waache waviringishe kama kitonge cha ugali afu wachonge ncha juu. Vitatoka vimepinda, viacheni vimepinda. Vikombe 6 vinanipa kama vimti 15 vya ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Mapambo yawekwe mapema wakati bado vinanata. Hapa binti yangu alinifundisha kitu, mi nilikuwa naweka pipi nyekundu mbili tatu kama kwenye picha za kwenye simu, akaniambia mama huo ni mti wa dukani wa plastiki, mkrismasi wa kweli ni ule wa barabarani unaojaa maua mekundu Desemba. Na ni kweli, ile miti ikichanua unaona nyekundu tu majani huyaoni. Toka siku hiyo vimti vyetu vina pipi nyekundu juu mpaka chini, bajeti ya pipi imepanda ila vinapendeza.

Viache vipoe nusu saa hadi saa nzima. Mchanganyiko ukianza kukaza kabla hamjamaliza rudisha sufuriani na kipande cha siagi, moto mdogo sekunde chache, unalegea, afu upoe tena kidogo kabla ya mikono ya watoto.

Kuhifadhi, hapa Dar adui ni hii hewa yetu ya majimaji. Kontena lenye mfuniko unaobana, karatasi katikati ya tabaka na tabaka, ndani ya siku 2 viwe vimeliwa. Friji inavikaza, kama umeweka toa dakika 20 kabla ya kula. Na kontena liweke juu ya sahani yenye maji kidogo, sisimizi wa mji huu wananusa sukari kabla wewe hujafunga mfuniko.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili wa Kimara: Dada asante kwa somo. Huku kwetu mashimelo sijayaona na kushuka mjini kwa ajili ya pakiti mbili siwezi. Hakuna mbadala?

Upo mama, na kwa kweli mimi naona ni mtamu zaidi. Fuata akili ya kashata. Sukari nusu kikombe, asali nusu kikombe, moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke na shira ianze kutoa mapovu pembeni, hapo hapo epua, ukiisubiri mpaka ivute nyuzi itakuwa ngumu. Tia siagi ya karanga nusu kikombe na iliki kidogo, koroga ilainike, mwaga kwenye konfleksi vikombe 3. Kijani haitakolea maana siagi ya karanga ni kahawia, kwaiyo sisi tunatengeneza nyota, tunatandaza kwenye trei na kukata kwa kisu. Uliza kwanza kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, hasa ukigawa kwa majirani. Na shira inaunguza kuliko maji ya moto kwa sababu inaganda kwenye ngozi, watoto wakae mbali kabisa mpaka ipoe. Ikitokea mtu kaungua ni maji ya bomba ya baridi yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio yai, afu kama pameungua pakubwa nenda hospitali.

Baba Kulwa: Sisi ni wa mkaa. Moto mdogo kabisa kwenye mkaa unaupataje?

Haupatikani kaka, usihangaike nao. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria kubwa, juu yake kalisha bakuli la bati au sufuria ndogo isiyogusa maji, yeyusha humo kwa mvuke. Inachukua muda mrefu zaidi ila huwezi kuunguza hata ukitaka. Angalia tu maji yasirukie ndani.

Bibi wa Mbagala: Wanangu, nina wajukuu wawili likizo hii, mmoja ana miaka miwili mwingine mitatu. Wanaweza kula hivyo vitu?

Shikamoo bibi. Kwa umri huo usiwape kimti kizima, kinanata na kinaweza kuwakaba. Tandaza mchanganyiko mwembamba kwenye trei, kata vipande vidogo, wale wamekaa chini na wewe upo, sio wanakimbia. Pipi za kupambia kwao ziondoe kabisa, karanga nzima na bisi vilevile. Na kama kuna kichanga chini ya mwaka mmoja hapo nyumbani asionjeshwe asali hata kidogo. Ila kazi ya kunyunyizia zile punje za rangi wape, wataifurahia kuliko kula.

Marahaba mjukuu wangu. Nitafanya Jumamosi.

Nuru_Tegeta: Mi nilifanya wiki ilopita vikatoka safi, nikaweka kwenye hotipoti ili visipoe, asubuhi vimekuwa kama uji ulioganda. Tatizo nini?

Hotipoti ndo tatizo shosti hahaha. Umefungia vikiwa na joto, mvuke ukakosa pa kutokea ukarudi kwenye konfleksi. Vipoe kabisa kwanza. Na angalia konfleksi zenyewe, boksi lililofunguliwa mwezi mzima juu ya kabati tayari limenyonya unyevu, zikaange kavu kidogo kama nilivyosema kwenye mamra.

Dogo Mpishi: Kwani hivi vitu ni vya wapi, mbona bibi zetu hawakuvijua?

Ni vya Marekani mdogo wangu. Rice Krispies ziliingia sokoni 1928, na mwaka 1939 wafanyakazi wawili wa kampuni ya Kellogg kule Battle Creek, Michigan, Malitta Jensen na Mildred Day, ndo waliozichanganya na mashimelo na siagi ili wasichana wa Camp Fire Girls wauze wachangishe hela. Kwaiyo toka mwanzo ilikuwa kazi ya kufanya na watoto. Ila bibi zetu walikuwa na kashata, na kashata haihitaji boksi.

Ukhti wa Ilala: Assalam alaykum. Hiyo jelatini ni ya mnyama gani? Na sisi hatuna Krismasi lakini watoto wameona picha wameanza kunisumbua.

Waalaykum salaam ukhti. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa, inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, kwaiyo geuza pakiti usome. Ikiandikwa ya ng'ombe na ina alama ya halali chukua, ikiandikwa jelatini tu bila maelezo iache. Kama huna uhakika fuata ile ya asali na siagi ya karanga, haina jelatini kabisa. Na umbo si lazima liwe mti. Jirani yangu mlango wa pili anatandaza kwenye trei ikiwa ya njano, anakata mwezi na nyota, anawawekea wanawe kwa ajili ya Idi. Yeye ndo ananiletea pilau kila Idi, na sahani yake ya mara ya mwisho mpaka leo ipo kabatini kwangu, siwezi kuirudisha tupu, kwaiyo kesho nikitoka sokoni naanza na trei ya karanga kwa ajili yao kabla ya vimti vyetu.