Gitaa Linaloitikia Sauti: Hatua kwa Hatua Kuingia Katika Blues ya Muddy Waters

Wanafunzi wengi wanaonijia wakitaka kujifunza blues huniomba kwanza niwaonyeshe solo, nami huwajibu kwamba tutaanza na kuimba. Katika blues ya Delta ya Mississippi, eneo la mashamba kusini mwa Marekani, gitaa ni sauti ya pili: mwimbaji hutoa kauli, gitaa likaitikia, kama kiongozi na waitikiaji wake katika nyimbo za ngoma. Asiyejua kinachoitikiwa atapiga noti zilizo sahihi, na msikilizaji hataguswa na hata moja. Mwongozo huu unamfuata mpigaji mmoja zaidi ya wengine, Muddy Waters, kwa sababu rekodi zake za mwanzo zinauonyesha mwitikio huo waziwazi kuliko za mtu yeyote ninayemfahamu.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kushika gitaa

Anza na Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu wa Texas aliyerekodi nyimbo za dini kati ya 1927 na 1930. Rekodi yake ya 1927 iitwayo Dark Was the Night, Cold Was the Ground haina maneno. Anaguna na kuvumisha sauti tu huku gitaa likimfuata, kwa hiyo mtu asiyejua Kiingereza hapungukiwi na chochote. Kisha sikiliza nyimbo zake zenye maneno, na utamsikia akiikata sentensi kabla haijaisha na kuliachia gitaa limalizie neno.

Baada ya hapo nenda kwa Muddy Waters. Mwaka 1941 alikuwa dereva wa trekta katika shamba la Stovall, karibu na Clarksdale, walipofika Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk wakiwa na mashine ya kurekodia. Miongoni mwa nyimbo alizowaimbia ni I Be's Troubled, akiwa peke yake na gitaa kavu. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago, na mwaka 1948 aliurekodi tena wimbo huohuo kwa gitaa la umeme, Big Crawford akimpigia besi, ukaitwa I Can't Be Satisfied. Sikiliza rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine, mara nyingi, na kila mara jiulize jambo moja tu: sauti inanyamaza wapi, na gitaa linafanya nini mahali hapo? Miye nilikaa na rekodi hizo wiki mbili nzima kabla ya kujaribu kupiga chochote, na sijawahi kujutia muda huo.

Hatua ya pili: tyuni gitaa upya

Tutatumia utyuni ambao wapigaji wa Delta waliuita wa Kihispania. Teremsha uzi wa 6 kutoka E hadi D, uzi wa 5 kutoka A hadi G, na uzi wa 1, ule mwembamba kuliko zote, kutoka E hadi D. Nyuzi tatu za katikati usiziguse. Ukizipiga zote sita bila kubana popote utasikia kodi kamili ya G, yaani noti zinazolia pamoja kama kitu kimoja. Kama huna kifaa cha kutyunia, tumia masikio: uzi wa 6 na uzi wa 1 zifanane na uzi wa 4, mmoja kwa chini na mwingine kwa juu, na uzi wa 5 ufanane na uzi wa 3.

Zingatia kwamba tunateremsha, hatupandishi. Nilipokuwa mwanafunzi niliona njia ya mkato: kuzipandisha nyuzi tatu za katikati hadi kodi ya A, kwa kuwa inavutia kwa ukali wake. Uzi wa 3 ulikatika nikiwa nimeuinamia na ukanichana kidole cha shahada, nikakaa siku kadhaa bila kugusa gitaa. Wapo wanaopiga kwa A bila tatizo, lakini kwa nyuzi zilizochoka ni hatari isiyo na sababu.

Hatua ya tatu: mrija

Utahitaji mrija wa kioo au chuma wa kutelezesha juu ya nyuzi, unaoenea kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Muddy Waters alitumia mrija mfupi kwenye kidole hicho, na naona hiyo ndiyo njia bora kwa anayeimba, kwa kuwa vidole vingine vitatu hubaki huru kubana nyuzi.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, kwa hiyo nenda polepole. Mrija haubani uzi mpaka ubao. Unauegemea tu, kwa uzito mdogo usioushusha uzi hadi kwenye freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Pia mahali pake si katikati ya freti mbili kama kidole kinavyowekwa, bali juu kabisa ya chuma cha freti yenyewe. Ukiwa nyuma kidogo noti itakuwa chini, ukivuka itakuwa juu, na sikio litakuambia mara moja. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi nyuma ya mrija, kiziguse bila kuzibana, ili zisivume upande huo. Sasa telezesha kutoka freti ya 3 hadi ya 5 kwenye uzi wa 1, simama, kisha utikise mrija kidogo mbele na nyuma mpaka noti itetemeke kama sauti ya mtu aliyejaa uchungu. Fanya hivyo mpaka noti ifike mahali pake bila kuutazama mkono.

Noti nyingine ya kuitafuta ipo kwenye uzi wa 3, kati ya freti ya 3 na ya 4. Haimo kwenye freti yoyote na piano haina. Ukiipata, utaelewa kwa nini watu hawa walichagua mrija.

Hatua ya nne: vipimo 12

Muundo wa kawaida una vipimo 12, kila kimoja kikiwa na mapigo 4. Vipimo 4 vya kwanza unakaa kwenye G, yaani nyuzi bila kubana. 2 kwenye C, mrija ukiwa freti ya 5. 2 unarudi G. 1 kwenye D, freti ya 7. 1 kwenye C. Na 2 vya mwisho G. Kidole gumba cha kulia kiendelee kupiga uzi wa 5 kwa kila pigo, mithili ya nyayo za mtu anayetembea. Uzoee muundo huu, ila usishangae kuwasikia wakubwa wakiuacha: John Lee Hooker alibadili kodi pale alipomaliza kusema alichotaka kusema, hata kama hesabu haikutimia.

Hatua ya tano: imba, kisha nyamaza

Ubeti wa blues huwa na mstari mmoja unaorudiwa, kisha wa pili unaoujibu. Kila mstari unachukua takriban vipimo 2 vya kuimba, na vipimo 2 vinavyofuata ni vya gitaa. Nimetunga huu kwa mazoezi:

Barua niliyoandika haijajibiwa hadi leo,
barua niliyoandika haijajibiwa hadi leo;
kila hodi mlangoni, nikifungua ni upepo.

Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao sikuutambua kwa miaka mingi. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho tayari ni nyepesi. Imba "hadi le-" kwa nguvu, nyamaza, na "-o" uifikie kwa mrija kutoka freti ya 3 hadi ya 5 kwenye uzi wa 1. Katika mstari wa mwisho imba "ni upe-", na "-po" liseme gitaa, safari hii likishuka kutoka freti ya 5 hadi ya 3 na kuishia kwenye uzi wa 3 usiobanwa. Vidole vikikataa, imba jibu la gitaa kwa mdomo kwanza, kisha litafute kwenye nyuzi.

Hatua ya sita: umeme, kama unao

Muddy Waters alihamia gitaa la umeme kwa sababu kelele za vilabu vya Chicago zilimeza gitaa kavu. Ukiunganisha lako, punguza nguvu ya mkono wa kulia badala ya kuiongeza, na uweke kipaza sauti cha mwimbaji na spika ya gitaa viwango vinavyolingana. Jirekodi kwa simu kutoka upande wa pili wa chumba. Kama gitaa linasikika wakati mstari wa wimbo haujaisha, rudi hatua ya tano.