Mvua Kubwa Ugenini: Panda Juu Kabla Maji Hayajafika Mlangoni

Kama unaishi chumba cha chini ya ardhi na simu imelia kutangaza mafuriko ya ghafla, usingoje kuyaona maji. Panda juu. Naanza na hili kwa sababu wengi wetu tunapofika ugenini, kodi tunayoimudu ni ya vyumba hivyo: mlango mmoja, na kidirisha kilicho sawa na barabara. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, masalia ya kimbunga Ida yaliimwagia New York mvua ya takriban milimita 80 kwa saa moja. Watu 11 walifia katika vyumba vya namna hiyo, wakiwamo wahamiaji.

Maji yakifika magotini nje ya mlango unaofungukia nje, hata mtu mwenye nguvu atahangaika kuusukuma. Basi leo, kukiwa kukavu, fungua lile dirisha. Linafunguka? Mtu mzima anapenya, au kuna nondo? Kisha mwone jirani wa ghorofa ya juu, umwambie kwamba siku ya mvua kubwa huenda ukamgongea usiku wa manane. Usione haya.

Arifa za simu usizizime, hata zikikukera. Kwa walio Marekani, neno "Watch" lina maana kwamba mafuriko yanaweza kutokea, jiandae. "Warning" maana yake yanatokea au yamekaribia, ondoka mahali pa chini. Lakini arifa nayo huchelewa. Tarehe 29 Oktoba 2024, huko Valencia, Hispania, ujumbe uliingia kwenye simu baada ya saa mbili usiku, na miji mingine ilikwisha kujaa maji. Paiporta, mmoja wa miji hiyo, haukuwa umepata hata mvua ya maana. Maji yalishuka kutoka milimani. Ukiona mto au mfereji wa jirani umebadilika rangi na kupanda haraka, hiyo ndiyo arifa yako.

Siku hiyo hiyo kuna walioteremka gereji za chini ya majengo kuokoa magari, wakakwama humo. Gari liache. Tunajua lilivyopatikana kwa jasho na mkopo, lakini liache. Na kama uko barabarani, geuza: sentimita 30 za maji zinaweza kuliinua gari dogo likaelea, 60 zinasomba magari mengi, na usiku huoni kama lami bado ipo chini yake.

Pasipoti, kibali cha kuishi, vyeti vya watoto na dawa viweke kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, karibu na mlango, na picha zake umtumie ndugu mmoja unayemwamini. Huyo huyo ndiye awape wengine habari, ili chaji isiishie kwenye simu za kutoka nyumbani. Zima umeme mapema. Ukishakanyaga maji, swichi usiiguse.

Bima isome kabla ya msimu wa mvua. Marekani, bima ya kawaida ya mpangaji kwa kawaida hailipi mafuriko, na ile ya mafuriko ya mpango wa taifa mara nyingi huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukirudi ndani, piga picha alama ya maji ukutani na kila kilichoharibika kabla hujatupa hata godoro.