Kayaki katika hori la Kilifi: soma maji kwanza, kafi baadaye

Likizo ya Agosti huangukia wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari ya nje ikiwa imechafuka. Anayebaki nyumbani Kilifi, Watamu au Mtwapa bado ana hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na kayaki za kukodi hazikosekani. Kinachowaponza wengi ni saa ya kutoka: mtu hungoja anywe chai, jua likolee, ndipo aingie majini. Akigeuka kurudi anakuta mkondo umegeuka naye na upepo unampiga usoni.

Siku na saa

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, kimo cha maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na siku mbili tatu zinazofuata, ni mita 1 na kitu tu, na mkondo hupoa kwa kiasi hicho hicho.

Saa nazo zina mpangilio wake. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne au saa tano asubuhi hori limejaa. Kwa hiyo anayeanza achague tarehe 8 hadi 10 au 23 hadi 25 za mwezi mwandamo. Atapata maji mengi, mkondo mpole na asubuhi isiyo na upepo mkali, vyote siku moja.

Jedwali la maji la Mombasa linatosha kwa Kilifi, ila ndani kabisa ya hori maji huchelewa kidogo. Angalia saa zake: jedwali huandika 10:40, nayo ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Wapo waliofika ufukweni saa kumi na dakika arobaini jioni wakashangaa maji yameenda wapi.

Maji hayashuki kwa kasi moja. Gawanya kimo chote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupungua fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3, saa ya tatu na ya nne hori hupoteza sentimita 75 kila saa. Ukiegesha kayaki penye maji ya magotini na kupiga picha kwa nusu saa, utaikuta imekalia tope.

Njia ya asubuhi moja, Kilifi

Tuseme maji yanajaa saa nne na nusu. Ingia saa mbili kamili, upande wa ndani wa daraja, uelekee magharibi. Mkondo wa maji kujaa utakusukuma hadi pale hori linapopanuka, Bahari ya Wali, na kusi nayo itakuwa mgongoni. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwenda kutakuwa rahisi mno, nawe utadhani ni ufundi wako. Asiyezoea huvuta kama kilomita 4 kwa saa kwenye maji yaliyotulia. Upepo wa mbele unaweza kumshusha hadi 3 au chini ya hapo. Basi geuka saa tatu na nusu, hata kama mikono bado ina hamu. Mkondo wa kujaa utakuwa umebaki dhaifu, na baada ya saa nne na nusu maji yanayotoka yataanza kukusaidia. Saa tano na nusu uwe nchi kavu, kwa sababu kuanzia hapo upepo huzidi kila saa.

Wakati wa kurudi shika ukingo wa kusini. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo ukingo huo na miti yake hukukinga. Ukikata katikati ya Bahari ya Wali utakula upepo wote.

Usivuke daraja kuelekea mdomo wa hori. Pale maji yanayotoka hukutana na upepo unaoingia, yakazaa mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo kayaki fupi haiyawezi. Tena ni njia ya vyombo vya uvuvi na boti za mashine.

Mida, karibu na Watamu, ni habari nyingine. Limo ndani ya hifadhi ya bahari inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo uliza ada kabla ya kuingia. Ni hori la kina kifupi: maji yakipwa sehemu kubwa hubaki tope na mafungu ya mchanga. Ingia saa mbili kabla ya maji kujaa, na uwe umetoka saa moja baada ya kujaa. Vijia vya kati ya mikoko vina raha yake, lakini ndivyo vinavyokauka kwanza.

Kukagua kayaki kabla ya kulipa

Kwa hori, kodi kayaki ya kukalia juu, si ile ya kuingiza miguu ndani. Ikipinduka haijai maji, na mtu mmoja anaweza kuirudia bila msaada.

Anza na kizibo cha tezi, yaani nyuma ya kayaki, kile kidogo cha kutolea maji. Kikikosekana au kikilegea, maji huingia ndani ya ganda polepole. Nusu saa ya kwanza huoni kitu. Baadaye kayaki inakuwa nzito, inayumba ovyo, na ukiegemea upande mmoja maji ya ndani yanakimbilia huko na kukupindua. Kaza kizibo kwa mkono wako mwenyewe, kisha inua omo, yaani mbele yake, usikilize: ukisikia maji yanatembea ndani, yamwagwe kwanza. Matundu ya sakafuni ni kitu kingine. Hayo yamewekwa yatoe maji, na kulowa makalio kidogo ni kawaida.

Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa, lisikae nyuma ya kiti. Mwombe mtu alivute juu kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, au mikanda haijakazwa. Fungia kipenga hapo kifuani. Kafi la bapa mbili la sentimita 220 hadi 230 linawafaa watu wazima wengi. Beba lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu, kofia yenye kamba, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na viatu vya mpira vinavyobana mguu. Kandambili hazifai: tope huzimeza, na chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Kuvuta na kugeuka

Weka kafi juu ya kichwa, viwiko vikunjwe pembe mraba. Hapo mikono iliposhika ndipo mahali pake. Nyayo zikanyage vishikio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Chovya bapa karibu na vidole vya mguu na ulitoe likifika nyongani. Kulivuta hadi nyuma ya kiti kunayumbisha omo tu. Nguvu itoke kiunoni: zungusha kifua kila unapovuta. Anayetumia mikono pekee huchoka mabega mapema. Kugeuka, chora nusu duara pana kutoka omo hadi tezi, upande ulio kinyume na unakotaka kwenda.

Kabla ya kuondoka, pinduka kwa makusudi penye maji ya kifuani. Hili wengi huliruka, nalo ndilo la maana kuliko yote. Shika kafi, shika kayaki, ile ikiwa imeinama chini juu. Nyoosha mkono ushike ukingo wa mbali, egemeza magoti kwenye ukingo wa karibu, vuta, itageuka. Sasa jiweke ubavuni mwake karibu na kiti, acha miguu ielee nyuma yako, piga mateke kwa nguvu na ujivute kwa tumbo hadi kitovu kifike katikati ya kayaki. Usijaribu kupanda kwa goti, itakupindukia. Ukishalala kifudifudi, jigeuze makalio yaangukie kitini, ndipo uingize miguu. Asiyeweza kufanya hivi mara mbili mfululizo abaki ukingoni siku hiyo.

Njiani

Ukiona safu ya vyelezo, ni nyavu. Zunguka mwisho wake, usikatize katikati. Usipouona mwisho, salimia wavuvi na uulize. Watakuelekeza, na mara nyingi watakwambia pia fungu la mchanga liko wapi. Usifunge kamba kwenye mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza topeni wala usiikanyage, kwani mti hupumua kwa hiyo. Ndege waliotulia juu ya fungu waachie nafasi ya mita 50 au zaidi. Wakianza kunyoosha shingo wote pamoja, umekaribia mno.

Ukipwelewa, baki juu ya kayaki. Tope la mikoko humeza mguu hadi gotini na zaidi, na anayehangaika kutembea huacha viatu na nguvu zake humo. Piga simu useme uko wapi, jifunike jua, kunywa maji kidogo kidogo. Kama umekwama saa moja baada ya maji kujaa, hesabu saa kumi hivi hadi yarudi kimo kile kile. Ndiyo maana nchi kavu lazima abaki mtu anayejua ulikoingilia, unakoelekea na saa ya kurudi, na aambiwe wazi: saa sita ikifika sijapiga simu, nenda kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uombe boti.

Ukirudi, suuza kayaki na kafi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua kile kizibo na uinamishe tezi. Kikombe kimoja kikitoka si neno. Ikitoka ndoo, mwonyeshe mwenyewe ufa ulipo kabla hajaikodisha kwa mwingine.