Somo: kutafuta bei ya mwanzo ukipewa bei yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani)

Habari zenu wadau, leo tushughulike na swali linalowatoa jasho watoto wengi wa darasa la saba na hata fomu wani. Kinachoniuma ni kwamba kuzidisha wanajua, kugawanya wanajua, ila wanaianza hesabu na namba ambayo siyo.

Swali: Jiko limeuzwa sh 59,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Bei kabla ya VAT ni sh ngapi?

Wengi wanakimbilia 18/100 × 59,000, wanapata 10,620, wanatoa, inabaki 48,380, wanapiga mstari chini wameshamaliza. Hapana jamani. Hiyo 18 haikupigwa kwenye 59,000, ilipigwa kwenye bei ya mwanzo ambayo ndo tunaitafuta, sasa utaitoaje kwenye namba ambayo tayari imeshavimba?

Hatua ya 1: Bei ya mwanzo siku zote iandike asilimia 100.

Hatua ya 2: VAT imeongezwa juu yake, 100 + 18 = 118. Kwa hiyo 59,000 ndo asilimia 118. Hapa ndo roho ya swali ilipo, ukishapaelewa hapa kilichobaki ni kugawanya na kuzidisha tu.

Hatua ya 3: Tafuta asilimia 1. 59,000 ÷ 118 = 500. Kwenye mtihani hamna kikokotoo, so anza na 118 × 5 = 590, halafu weka sifuri zako.

Hatua ya 4: 500 × 100 = 50,000. Jibu sh 50,000.

Sasa hakiki, na hii naomba sana msiwaache watoto waruke. 18/100 × 50,000 = 9,000, jumlisha 50,000 unapata 59,000, imekubali. Lile jibu la 48,380 ukilihakiki linakupa 57,088.40, yani mtoto angejigundua mwenyewe kabla hajakusanya karatasi.

Maswali ya wadau

— Ticha, na kama ni punguzo? Shati limeuzwa 24,000 baada ya punguzo la asilimia 20.
Njia ni ile ile mkuu ila unatoa, 100 − 20 = 80. 24,000 ÷ 80 = 300, mara 100 ni 30,000.

— Huku Kenya VAT ni 16, inabadilika?
Unagawanya kwa 116 badala ya 118. Kitu cha sh 5,800: 5,800 ÷ 116 = 50, mara 100 ni 5,000.

— Samahani mwalimu, bei ikipanda asilimia 10 halafu ikashuka asilimia 10 si inarudi pale pale? Mwanangu kang'ang'ania hivyo tangu jana.
Hairudi dada. Mpe sh 1,000 aifanyie kazi: ikipanda inakuwa 1,100, ila ikishuka ile 10 inapigwa kwenye 1,100, ni 110, inabaki 990. Muulize 10 ya pili imepigwa kwenye namba ipi, mwache ajibu mwenyewe.