Namna ya kupima dai la tiba kabla ya kuliamini

Dai la tiba linapokufikia kwenye simu, anza na swali ambalo wengi hulisahau: mgonjwa angekuwaje kama asingetumia kitu chochote? Mafua huondoka yenyewe na homa nyingine hupanda na kushuka, kwa hiyo ushuhuda wa aliyepona, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi.

Kisha tafuta ulinganisho. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kuanzia mwaka 2009 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwamo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Baadhi walichanjwa chanjo hiyo na wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, na wazazi hawakujua nani kapata ipi. Kwa waliochanjwa mara 4 kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36. Namba hiyo ni ndogo kuliko ahadi za matangazo, nami naiamini zaidi kwa sababu imewahesabu pia walioendelea kuugua.

Mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kwa shilingi 500 kikombe cha dawa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu kama kisukari na Ukimwi, ushuhuda ulisafiri haraka kuliko vipimo, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Dai likihusu kisukari au Ukimwi, usitegemee jinsi mgonjwa anavyojisikia; apimwe sukari au wingi wa virusi, na asiache dawa zake kabla daktari hajayasoma majibu pamoja naye.