Mantra ya Gayatri: Maana Yake na Namna ya Kuisoma Alfajiri

Mantra ya Gayatri ni dua, na anayetaka kuisoma hana budi kulijua hilo kabla ya kujifunza namna ya kukaa au kuvuta pumzi. Katika baadhi ya madarasa ya yoga ya hoteli zetu za pwani, hupigwa kwenye spika kama muziki wa kulainisha viungo, na watu wakaondoka wameipenda sauti yake bila kujua anayeombwa ni nani. Anayeombwa ni Savitar, mungu wa jua katika dini ya Kihindu, naye haombwi mali, watoto wala ushindi, bali mwanga wa akili. Utaratibu wote wa kuisoma umejengwa juu ya ombi hilo.

Ubeti wenyewe unatoka katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, kitabu cha tatu, wimbo wa 62, ubeti wa 10, na mapokeo huunasibisha na mwonaji Vishvamitra. Gayatri ni jina la bahari ya ushairi yenye mishororo mitatu ya mizani nane nane, jumla yake 24, na msomaji aliyelelewa na tenzi za Lamu na Pate ataizoea haraka, kwa kuwa mshororo wa utenzi nao una mizani nane. Mshororo wa kwanza unapungua mizani moja kwa matamshi ya leo. Hapo kale neno la mwisho lilitamkwa vareniyam, na hesabu ikatimia. Maneno ya utangulizi, yaani silabi takatifu Om na majina ya ulimwengu tatu, hayamo katika ubeti wa Rigveda, bali hutangulizwa wakati wa kusoma:

Om bhur bhuvah svah
tat savitur varenyam
bhargo devasya dhimahi
dhiyo yo nah prachodayat

Ulimwengu hizo tatu ni ardhi, anga la kati na mbingu. Kisha msomaji anasema: tunautafakari mng'ao uliotukuka wa mungu Savitar, ili yeye aziamshe akili zetu. Ni vyema kuangalia kwamba dua imesemwa kwa wingi. Hata aliyeketi peke yake hajiombei nafsi yake tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa mantra hii kuliko katika idadi yoyote ya marudio.

Katika matamshi, kosa letu kubwa sisi wasemaji wa Kiswahili ni kuongeza irabu mwishoni, tat ikawa tati na prachodayat ikawa prachodayati. Ulimi ukatike kwenye t, usiendelee. Sauti dh hapa si ile ya dhahabu. Ni d inayosindikizwa na pumzi, kama ilivyo bh kwa b. Mtu wa pwani anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni anaijua pumzi ya namna hiyo, ila hapa inafuata sauti ya ghuna. Anza kwa kusikiliza mtu anayeijua vizuri, kisha usome polepole, ukipumzika kidogo mwishoni mwa kila mshororo.

Wakati unaopendekezwa ni mpito wa usiku na mchana. Sayana, mfafanuzi wa karne ya 14 wa Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, alieleza kwamba jua huitwa Savitar kabla ya kuchomoza, na Surya likishachomoza hadi kuzama, kwa hiyo kuanza baada ya jua kupanda ni kuchelewa. Malindi imebahatika, kwani ufuo wake unatazama mashariki, na jua hutoka baharini karibu na saa kumi na mbili asubuhi, likichelewa kwa karibu nusu saa katika baadhi ya miezi. Fika mapema, mbingu ikiwa bado na nyota. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaelekeza kwamba asubuhi msomaji asimame hadi alione jua, na jioni aketi hadi nyota zionekane. Asiyeweza kusimama muda huo aketi kwenye mkeka, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa. Jua lenyewe lisikodolewe macho.

Yako madaraja matatu ya kusoma: kwa sauti, kwa kunong'ona midomo ikicheza tu, na kwa moyo bila ulimi kusogea. Mapokeo huliweka la tatu juu kabisa, lakini anayeanza alianze la kwanza, kwa sababu akili isiyozoea huteleza haraka mdomo unapofungwa. Wakati wa kusi, mawimbi na upepo hufunika sauti, na kunong'ona kunafaa zaidi. Tena ufuo si wa mtu mmoja: wavuvi wanatoka na waumini wanarudi kutoka msikitini, kwa hiyo spika haina nafasi. Wahindi si wageni hapa. Mwaka 1498 Vasco da Gama na watu wake waliwakuta Malindi mabaharia wa Kihindi wasiokula nyama ya ng'ombe, na kwa kutowajua wakawadhania Wakristo.

Kwa hesabu hutumiwa mala, uzi wa shanga 108 na ushanga mmoja mkubwa uitwao meru. Shikilia kwa mkono wa kulia, uzi ukilala juu ya kidole cha kati, gumba likivuta ushanga mmoja kwa kila kisomo. Kidole cha shahada hakiguswi na uzi. Ukifika kwenye meru usiivuke, geuza mala urudi ulikotoka. Kwa kisomo cha sekunde kumi, mzunguko mmoja huchukua dakika 18. Anayeanza na asome mara kumi kwa vidole, akiisikia kila mizani.

Zamani mantra hii ilifundishwa wavulana wa matabaka matatu ya juu katika sherehe ya kuvishwa uzi mtakatifu. Vuguvugu la Arya Samaj, lililoanzishwa Bombay mwaka 1875, liliifungulia milango kwa wanawake na kwa watu wa tabaka lolote. Hata hivyo, mlango kuwa wazi hakumlazimu mtu kuingia: ambaye imani yake haimruhusu kumwomba Savitar na aiache mantra, aketi atulie na kuhesabu pumzi zake.